Mtu Aliyesoma Ardhi: Kuvifuata Viwanja vya Seiichi Inoue

Msomaji mpenzi, ukifika Tokyo na kumwambia dereva wa teksi akupeleke Kasumigaseki, atakushusha mbele ya majengo marefu ya wizara za serikali. Huko siko tunakokwenda leo. Kasumigaseki yetu ni nyingine, nayo iko nje ya jiji. Tutapanda treni ya reli ya Tobu Tojo katika stesheni ya Ikebukuro, tuelekee kaskazini-magharibi kwa muda upatao nusu saa, hadi mji wa Kawagoe. Mji huo una sifa mbili. Ya kwanza ni maghala yake meusi yenye kuta nene za udongo, ambayo wafanyabiashara waliyajenga baada ya moto mkubwa wa mwaka 1893. Ya pili ni viazi vitamu, ambavyo wenyeji huvichoma, huvikaanga na kuvifanya vitu vitamu vya kila aina. Treni ikiondoka Kawagoe huvuka mto Iruma, na mara tumewasili katika stesheni ndogo ya Kasumigaseki.

Si mbali na hapo kuna misonobari mingi, na katikati ya misonobari hiyo upo uwanja wa gofu wenye mashimo 36. Ni mali ya klabu ya Kasumigaseki, iliyofungua milango yake mwaka 1929.

Huenda ukaniuliza: "Ndugu mwandishi, gofu yanihusu nini mimi ninayeamka alfajiri kuwahi basi la kiwandani?" Swali lako ni la haki. Mchezo huu wengi wetu tumeutazama kupitia upenyo wa ua tu, na waliokuwa ndani ya ua hawakuwa jamaa zetu. Lakini leo sikuletei habari za wachezaji. Nakuletea habari za fundi mmoja, Seiichi Inoue, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1908, akaaga dunia mwaka 1981, na katika maisha yake akachora viwanja vipatavyo 40. Habari zake ni habari za ujuzi: jinsi unavyoazimwa kwa mgeni, jinsi unavyofanywa kuwa wa nyumbani, na nani hatimaye anayefaidi matunda yake.

MCHEZO WA WAGENI

Gofu haikuzaliwa Japani. Ililetwa na Mwingereza mmoja, Arthur Hesketh Groom, mfanyabiashara wa bandari ya Kobe, ambaye mwaka 1901 alisafisha vichaka juu ya mlima Rokko na kutengeneza mashimo manne ya kuchezea yeye na rafiki zake. Mwaka 1903 ikaanzishwa klabu. Wanachama wake karibu wote walikuwa wageni, na Wajapani waliokanyaga majani yale walikuwa hasa vibarua wa kubeba mikoba ya vyuma vya kuchezea.

Wajapani wenyewe walijianzishia klabu yao katika Tokyo, na uwanja wake wa Komazawa ukafunguliwa mwaka 1914. Wenye klabu walikuwa watu wa mabenki, wanadiplomasia na mabwana waliowahi kuishi Ulaya na Marekani. Tangu hapo viwanja vikaongezeka, ila ujuzi wa kuvichora ulibaki kidogo. Mtu aliyesafiri nje alirudi na kumbukumbu za viwanja alivyovipenda, akajaribu kuviiga.

Hapa yafaa nikueleze kazi ya msanifu wa viwanja vya gofu ni nini hasa. Uwanja wa mpira wa miguu ni mstatili; aliyeuona mmoja ameiona yote. Gofu haina kipimo cha namna hiyo. Mchezaji huanza mahali palipotengwa, akaupiga mpira mdogo mara kadhaa, mwendo wa yadi 150 au hata 500 na zaidi, mpaka aufikishe kwenye kiwanja kidogo cha nyasi fupi mno kiitwacho grini, na hapo autumbukize shimoni. Akimaliza shimo hilo huendea jingine, hadi atimize 18. Njia ipite wapi, ipinde vipi, mti upi ubaki na upi uondoke, maji ya mvua yatiririkie wapi, mashimo ya mchanga yaitwayo banka yawekwe upande gani ili yamwadhibu mzembe na yasimwonee mwangalifu: hayo yote ni kazi ya msanifu. Anajenga bila matofali. Vifaa vyake ni udongo, maji na kitu kilicho hai, yaani nyasi.

MGENI APEWA JEMBE

Mwezi Desemba 1930 aliwasili Japani Mwingereza mwingine, Charles Hugh Alison, msanifu mwenye jina kubwa. Alikuwa ameitwa kuchora uwanja mpya wa klabu ya Tokyo huko Asaka. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wajapani walimpa mgeni huyu jembe hasa. Katika miezi michache aliyokaa alichora Asaka, akachora Hirono karibu na Kobe, akachora uwanja wa Fuji huko Kawana kwenye rasi ya Izu, na akatoa ushauri wa kurekebisha viwanja vingine, Kasumigaseki ukiwamo. Kisha akaenda zake, akimwacha msaidizi wake, George Penglase, kusimamia ujenzi.

Alison alichimba banka zenye kina ambacho Wajapani hawakuwa wamekiona. Mtu akiingia humo haioni grini; huona ukuta wa majani na anga tu. Banka za namna hiyo mpaka leo katika Japani huitwa "arison". Si kila mgeni anayeacha jina lake katika lugha ya wenyeji kwa sababu ya shimo alilolichimba!

Wakati huo Seiichi Inoue alikuwa kijana wa miaka 22. Hakuwa mzima wa afya, na husimuliwa kwamba alikuwa Kawana akijiuguza pale alipomwona Alison kazini. Wengine walimtazama mgeni wakaona bwana mkubwa akitembea na karatasi. Kijana huyu aliona kazi ambayo hakujua kwamba ipo duniani: mtu anasimama juu ya kilima, anatazama mteremko kwa muda mrefu, kisha anachora mstari mmoja. Hapo ndipo Inoue alipopata njia yake ya maisha.

Mwalimu wake wa karibu alikuwa Mjapani mwenziwe, Kinya Fujita, aliyekuwa amesoma Marekani, naye ndiye aliyeongoza uchoraji wa uwanja wa kwanza wa Kasumigaseki, ule wa Mashariki. Inoue aliingia katika kazi ya kuurekebisha kwa kufuata ushauri wa Alison, na uwanja wa pili, ule wa Magharibi, ulipofunguliwa mwaka 1932, mkono wake ulikuwamo. Mwaka 1936 ukafunguliwa uwanja wa Nasu, kwenye miinuko ya kaskazini ya Tokyo. Kijana mgonjwa wa Kawana sasa alikuwa msanifu.

NYASI MBILI, SHIMO MOJA

Msomaji, kama Inoue angekuwa mwigaji tu, nisingekuchosha kwa habari zake. Ubora wake ulionekana katika jambo ambalo mgeni hakuweza kulimaliza katika miezi michache, nalo ni hali ya hewa.

Nyasi nzuri za grini huko Ulaya huitwa benti. Ni laini kama zulia, lakini ni nyasi za nchi za baridi. Kiangazi cha Japani ni cha joto la kukaba, na hutanguliwa na majuma ya mvua za mfululizo za mwezi Juni na Julai. Benti za siku hizo zilioza na kufa. Japani yenyewe ina nyasi ngumu ziitwazo korai, ambazo hulifurahia jua la kiangazi; lakini baridi ikiingia hulala na kuwa rangi ya makuti makavu. Basi ufanyeje? Ukichagua benti huna grini wakati wa joto, na ukichagua korai huna grini ya maana wakati wa baridi.

Jawabu la Wajapani lilikuwa rahisi kusema na gumu kutenda: kila shimo lipewe grini mbili, moja ya korai na moja ya benti, kandokando. Moja ikitumika, nyingine hupumzika. Mkulima anayebadilisha mashamba ataielewa hekima hiyo mara moja. Wageni waliipinga, wakasema grini mbili zinaharibu umbo la uwanja, kwani banka inayoilinda hii haiilindi ile. Hapo ndipo ulipohitajika ufundi. Inoue alizifanya grini mbili ziwe familia moja: zikaegemeana, banka zikapindwa kwa mistari mirefu iliyozikumbatia zote, na njia ikachorwa hivi kwamba mchezaji alihitaji fikra tofauti kwa kila grini. Wajapani husifu mistari ya Inoue, ile mipindo ya banka na vilima vyake, kwamba humfanya mtazamaji asijue mkono wa mtu uliishia wapi na kazi ya Mungu ikaanzia wapi.

VITA NA VIAZI

Kisha ikaja vita. Maneno ya Kiingereza yakapigwa marufuku, na gofu ikapewa jina la Kijapani, "dakyu", yaani kupiga mpira. Jina peke yake halikuiokoa. Uwanja wa Asaka, kazi ya Alison, ulichukuliwa na jeshi kabla haujatimiza miaka kumi, na haukurudi tena kuwa uwanja wa gofu. Viwanja vingine vikafanywa vya ndege, na vingine vikalimwa viazi vitamu na nafaka, kwa kuwa watu walikuwa na njaa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliyoikalia nchi yakavitwaa vile vilivyosalia, Kasumigaseki ukiwa mmojawapo.

Hebu mfikirie Inoue wakati huo, akiwa na umri wa miaka 37. Kazi ya mwashi hubaki ijapokuwa nyumba imehamwa. Kazi ya msanifu wa nyasi hufutwa na jembe kwa siku chache. Wala hatuwezi kulilaumu jembe lile: mwenye njaa hawezi kutafuna grini. Lakini ndivyo alivyofundishwa kwamba ardhi aliyoichora haikuwa yake, na kwamba watu wakitaka wanaweza kuipa kazi nyingine.

KWENYE MCHANGA WA OARAI

Sasa tuondoke Kawagoe, msomaji, twende upande wa bahari. Tutapanda treni ya kaskazini kutoka Tokyo hadi mji wa Mito, halafu tubadilishe tuingie gari-moshi dogo linalokwenda Oarai, pwani ya Bahari ya Pasifiki. Oarai ni mahali pa wavuvi na pa watu wa kuoga baharini. Upepo hapo una chumvi, na misonobari yake ni ile ya magome meusi, iliyopindwa na upepo huo tangu ingali michanga.

Hapa, mwaka 1953, kulifunguliwa uwanja ambao wengi huuhesabu miongoni mwa kazi bora kabisa za Inoue. Mtu mwingine angeweza kuing'oa misonobari ili wachezaji wapate nafasi. Inoue aliifanya walinzi. Njia za mpira hupenya katikati yake, na matawi yaliyopinda huning'inia pale hasa ambapo mvivu angetaka kukata kona. Ardhi ni ya mchanga, hivyo maji hunywewa mara moja. Upepo nao hugeuka, na shimo la asubuhi si shimo la jioni. Ukisimama hapo utadhani uwanja uliokotwa tu ukiwa umekwisha. Hiyo ndiyo sifa ambayo fundi huyu aliitaka: jasho lake lisionekane.

Baada ya Oarai kazi zilifuatana. Uwanja wa Aichi huko Nagoya ulifunguliwa mwaka 1954, Ryugasaki mwaka 1958, Toyooka mwaka 1959, Otone mwaka 1960, na Tokyo Yomiuri mwaka 1964. Huo wa mwisho una kioja. Shimo lake la 18, ambalo katika viwanja vingi huwa refu ili mashindano yamalizike kwa vishindo, kwake ni fupi, la mpira kufikishwa kwenye grini kwa pigo moja. Lakini grini yenyewe imeinama kama paa. Mabingwa wamefika hapo wakiongoza mashindano, wakaugusa mpira taratibu kutoka juu, wakausindikiza kwa macho ukiteremka na kupita shimo na kwenda zake. Inoue alijua kwamba kumtisha mtu hakuhitaji umbali.

FEDHA ZAINGIA UWANJANI

Jambo lililochochea ongezeko la viwanja lilitokea Kasumigaseki. Mwezi Oktoba 1957 yalifanyika hapo mashindano ya Kombe la Kanada, na Torakichi Nakamura, mtu aliyeianza gofu kwa kubeba mikoba ya wengine, akawashinda mabingwa wa dunia. Yeye na mwenziwe Koichi Ono wakaipatia Japani kombe. Nchi ilitazama katika televisheni, na kila aliyekuwa na fedha akataka kucheza.

Tena walikuwa wengi wenye fedha. Makampuni yakanunua uanachama ili mabwana wapate mahali pa kufanyia biashara huku wakitembea. Hati za uanachama zikauzwa na kununuliwa sokoni kama hisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hati ya klabu moja ya Tokyo, Koganei, ilizidi yeni milioni 300. Inoue hakuiona siku hiyo. Alikuwa amekwisha kufa mwaka 1981. Viwanja vipatavyo 40 katika muda wa karibu miaka 50 ni chini ya kimoja kwa mwaka. Waliokuja baadaye hawakuwa na subira hiyo. Vilele vya milima vilikatwa, mabonde yakafukiwa, na nchi ikawa na viwanja zaidi ya 2,000. Wanavijiji walilalamika kwamba dawa za kuua magugu zinaingia katika maji yao, na mwaka 1993 vikundi vya Japani, Thailand na Malaysia viliungana kupinga ujenzi wa viwanja hivyo.

Miaka ya 1990 ilipoanza, bei za ardhi na hisa ziliporomoka, na hati za uanachama zikaporomoka nazo. Klabu nyingi zilifilisika. Ukisafiri Japani leo utaona viwanja vilivyojaa vioo vya kunasa umeme wa jua pale palipokuwa na nyasi. Nakuomba ulitazame na jambo moja lililo jema: wachezaji wengi hulipa kodi ya kutumia uwanja, na sehemu saba katika kumi za kodi hiyo huenda kwa halmashauri ya mahali uwanja ulipo. Angalau shimo la tajiri linachangia barabara ya kijiji.

LANGO LA KASUMIGASEKI

Tumalizie safari yetu pale tulipoianzia. Kwa miaka mingi ukifika Kasumigaseki ungewaona wanawake wengi uwanjani. Katika Japani kazi ya kedi, yaani ya kuwahudumia wachezaji na mizigo yao, kwa sehemu kubwa ni ya wanawake, na wengi walitoka katika nyumba za wakulima wa jirani. Lakini mwanamke hakuweza kuwa mwanachama kamili wa klabu, wala hakuruhusiwa kucheza siku ya Jumapili. Wewe unayesoma ukurasa huu Jumapili, mkeo na binti zako wakiwa karibu nawe, lipime mwenyewe jambo hilo.

Klabu ilipochaguliwa kuwa mwenyeji wa gofu katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, dunia iliuliza. Gavana wa Tokyo, Yuriko Koike, alisema waziwazi kwamba hali hiyo haimpendezi, na wakuu wa Olimpiki wakadai mabadiliko. Mwezi Machi 2017 klabu iliibadilisha kanuni yake. Michezo ilifanyika mwaka 2021, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wajapani waliweka tumaini kubwa kwa Hideki Matsuyama, naye akaikosa medali ya shaba katika mchuano wa ziada. Medali pekee ambayo Japani iliipata katika gofu ilikuwa ya fedha, nayo ilitwaliwa na msichana, Mone Inami, kwenye ardhi ile ile.

Uwanja uliotumika ulikuwa ule wa Mashariki, na kabla ya michezo, mwaka 2016, ulifumuliwa. Grini mbili za kila shimo ziliondolewa, ikawekwa moja. Siku hizi zimepatikana benti zinazovumilia joto, hivyo jawabu la zamani halihitajiki tena. Viwanja vingine vingi vimefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kile kitu ambacho kizazi cha Inoue kilikifanyia kazi kuliko vyote kinatoweka polepole.

Je, tumhurumie? Sidhani. Grini mbili zilikuwa jawabu la swali la wakati wake. Alilopokea kwa mgeni halikuwa mchoro wa kunakili. Alipokea njia ya kutazama, akaielekeza kwenye mvua za kwao, joto la kwao na nyasi za kwao, akapata jambo ambalo mgeni hakulijua. Hiyo ndiyo tofauti ya kuazima na kuiga. Na lango lile la Kasumigaseki linatufundisha la pili: fundi aweza kuipendezesha ardhi kadiri ya uwezo wake, lakini nani aingie ni neno ambalo halimo katika mchoro. Hilo huamuliwa na watu, na watu wakiulizwa kwa nguvu ya kutosha, hubadili uamuzi wao.

Treni ya kurudi Ikebukuro hupita Kawagoe. Tushuke kidogo, msomaji, tuwanunulie watoto viazi vitamu.